Kabla hujanunua bodi ya DAC ya kuunga mwenyewe

Watu wengi wakitaka kujiundia DAC ya geto kitu cha kwanza wanauliza "chipu gani kali?" na mi huwa nawarudishia swali, muziki wako unatoka wapi? Maana kazi ya DAC ni kuzigeuza zile namba za kwenye faili ziwe umeme wa sauti ambao amplifaya inauelewa, sasa kama namba zenyewe hazina mlango wa kuingilia utabaki na bodi nzuri ya kupambia meza.

Kama unasikilizia kompyuta, chukua yenye USB. Ya kuanzia ni zile za PCM2704, inakula umeme hukohuko kwenye USB, haitaki draiva, mwisho wake biti 16 na 48 kHz, na usizidharau hizo namba, CD yenyewe ni biti 16 na 44.1 kHz. Kama unatolea kwenye TV basi tafuta bodi yenye tundu la optiko, lile la taa nyekundu, na chipu ya kupokelea kama CS8416 au DIR9001. Uzuri wa optiko ni mwanga tu unapita, hakuna waya wa shaba kati ya TV na redio, kwa hiyo ule mvumo wa "mmmm" unaoletwa na ethi mbili kukutana haupati njia ya kupitia hapo. Ukiunga ukasikia makelele kama mvua kwenye bati, au kimya kabisa, usilaumu bodi kwanza, ingia settings za TV sehemu ya sauti, toa Dolby au Bitstream (sauti iliyobanwa, ambayo bodi hizi haziifungui) weka PCM, yaani sauti isiyobanwa.

Mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ndo anafaidi zaidi, kwa sababu anachukua bodi ya PCM5102A, ile ndogo ya zambarau, anaunga moja kwa moja kwenye pini ("saa" hapa ni mapigo ya umeme yanayopangilia data): saa ya biti pini 12, saa ya kushoto na kulia pini 35, data pini 40, halafu 5V na ethi. Kwenye config.txt, faili la mipangilio lililo kwenye kadi ya Pi, unaongeza mstari dtoverlay=hifiberry-dac, unawasha upya, basi. Chipu hii inatoa kama volti 2.1, sawa na CD player ya kawaida, kwa hiyo haihitaji kikuza sauti kingine hapo katikati. Mimi ya kwanza ilinikalisha kimya siku mbili nzima, nimebadilisha waya, nimefomati kadi, kumbe nyuma ya bodi kuna vidaraja vinne vya kusolda na cha tatu hakijaunganishwa upande ulioandikwa H, hicho ndo cha kuzima na kuwasha sauti. Vingine, 1, 2 na 4, vinaenda L. Na mbele kuna kidaraja cha SCK, yaani cha saa kuu, kiunganishe na ethi ili chipu ijitengenezee saa yake. Tone moja la risasi, muziki ukatoka!

Kuhusu chipu za zamani za Philips, najua kuna wanaozipenda kufa. TDA1541A ni tamu ila inataka umeme wa aina tatu, +5, -5 na -15, haitengenezwi tena na sokoni zimejaa za kufutwa maandishi na kuandikwa upya. Kwa mradi wa kwanza achana nayo. ES9038Q2M nayo kwenye karatasi inatisha, lakini inategemea sana saketi ya opamp (chipu ya kukuza mawimbi ya sauti) inayoifuata, bodi ya bei chee mara nyingi inabania hapohapo.

Hela iliyobaki itie kwenye umeme wa bodi. Chaja ya simu inafanya kazi lakini nyingine zinaingiza mikwaruzo, ukiweka sikio karibu na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, unaisikia. Transfoma ya 9V kutoka redio kaseti iliyokufa, daraja la dayodi la kunyoosha AC iwe DC, kapasita na 7805 ya kushusha hadi 5V, tayari. Angalia kapasita tu, 9V ya AC ikishanyooshwa inakuwa 12 na ushee, na umeme wetu ukipanda nayo inapanda, kwa hiyo weka ya 25V, ya 16V iache. Upande wa 230V weka fyuzi na uufunike vizuri, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Ukimaliza usikimbilie spika zako nzuri. Washa, chukua mita, pima DC kwenye matundu ya kutolea sauti, iwe milivolti chache tu, ukiona inafika volti nzima, izime urudie kukagua. Halafu jaribu kwa kispika ambacho hukionei huruma, mi ninacho kimoja nilikitoa kwenye redio mbovu, kimeshachanika pembeni, ndo mbuzi wangu wa kafara mpaka leo.