Namna ya kujiandaa kwa upasuaji wa ubongo au uti wa mgongo

Daktari anapotamka kwamba mgonjwa atahitaji kupasuliwa kichwa au mgongo, familia nyingi hushikwa na bumbuwazi, na maneno yote yanayofuata hupita masikioni bila kuingia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta daftari na kalamu, kisha kumteua ndugu mmoja atakayekaa nalo mpaka siku mgonjwa atakaporudi nyumbani. Upasuaji huu umepiga hatua kubwa katika miaka 50 iliyopita, na kwa maoni yangu hatua iliyo kubwa kuliko zote ni usahihi: kujua ugonjwa uko mahali gani hasa, ulianza lini, na kama kisu kinahitajika kweli. Usahihi huo kwa sehemu hutoka kwenye mashine, na kwa sehemu hutoka kwa watu wanaoishi na mgonjwa.

Andikeni habari za ugonjwa kwa tarehe na kwa saa. Katika kiharusi, saa inayotakiwa si ile mgonjwa alipokutwa amepooza, bali ile alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyeamka na udhaifu wa mkono huhesabiwa tangu alipokwenda kulala, isipokuwa kama kuna mtu aliyemwona akiwa mzima baadaye. Sababu ni kwamba majaribio yaliyotangazwa mwaka 2015 yalithibitisha faida ya kulivuta donge la damu kutoka kwenye mshipa mkubwa wa ubongo kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, na tafiti za mwaka 2018 zikaonyesha kwamba wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha za ubongo wanaweza kusaidiwa hata hadi saa 24 tangu walipoonekana wazima. Familia inayojibu "tangu asubuhi hivi" humwachia daktari kazi ya kubahatisha.

Mkishaandika saa hizo, andikeni dawa zote, zikiwemo za mitishamba, pamoja na kipimo cha kila moja. Dawa zinazozuia damu kuganda, kama aspirini na wafarini, zinaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya fuvu wakati wa upasuaji, lakini kuziacha bila ushauri kunaweza kuleta donge jipya, hivyo daktari ndiye apange siku ya kuzisimamisha. Dawa za kifafa kwa kawaida huendelea kumezwa hata asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, ila mkiambiwa vinginevyo. Mgonjwa aliyekuwa akitumia deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kupunguza uvimbe kuzunguka jipu au saratani ya ubongo asiikatishe ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi kutoka nje huwa umepunguza kutengeneza zake.

Bebeni picha zenyewe za vipimo, wala msiridhike na karatasi ya majibu peke yake, kwa kuwa daktari wa upasuaji hupanga njia yake kwa kuzitazama picha. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, inayopiga eksirei kutoka pande nyingi na kuziunganisha kwa kompyuta, alipigwa London mwaka 1971 kwa kifaa kilichobuniwa na Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack. Kabla ya hapo, njia mojawapo ya kuutafuta uvimbe ilikuwa kuingiza hewa katika nafasi za maji ya ubongo na kupiga eksirei, kipimo kilichomwacha mgonjwa na maumivu makali ya kichwa na kutapika. Leo picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu, huunganishwa na kompyuta ya chumba cha upasuaji, na daktari huona kwenye skrini ncha ya kifaa chake imefika wapi ndani ya kichwa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Swali la kwanza liwe hili: kitatokea nini tukisubiri? Lisionekane kuwa ni utovu wa adabu, kwa maana daktari mzuri hulitarajia. Chukua mfano wa diski ya mgongo, yaani mto laini ulio kati ya pingili, iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu katika wiki au miezi michache kwa dawa za maumivu na kuendelea kutembea, na upasuaji, pale unapofanywa, huondoa maumivu ya mguu vizuri zaidi kuliko maumivu ya mgongo wenyewe. Tena diski zilizochakaa huonekana kwenye MRI za watu wengi wasioumwa popote, hivyo picha mbaya peke yake si sababu ya kupasuliwa; ni lazima ilingane na mahali panapouma. Kuna hali moja ambayo haisubiri hata siku moja: maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya sehemu za siri na makalio, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila hiari, choo kutozuilika, au miguu yote miwili kulegea. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Swali la pili ni kama ipo njia nyingine ya kutibu. Kwa mshipa wa ubongo uliotuna kama puto na kupasuka, kwa mfano, wapo wagonjwa wanaoweza kutibiwa ama kwa kufungua fuvu na kuubana kwa kibanio, ama kwa kuujaza waya laini uliopitishwa ndani ya mishipa. Jaribio kubwa la mwaka 2002 liliwapata wagonjwa waliofaa njia zote mbili wakiwa na hali bora baada ya mwaka mmoja walipotibiwa kwa waya. Uvimbe mdogo ulio ndani sana nao mara nyingine hutibiwa kwa mionzi inayolengwa kutoka pande nyingi, bila kukatwa ngozi.

Ulizeni pia lengo la upasuaji: ni kuondoa uvimbe wote, kupunguza sehemu yake, au kuchukua kipande tu cha kupimwa? Majibu haya matatu hubeba matumaini tofauti kabisa, na nimeona familia zikiumia sana kwa sababu ziliondoka kwenye mazungumzo zikiwa na tumaini ambalo daktari hakulitoa. Ombeni hatari zielezwe kwa viungo na kwa kazi za mgonjwa huyu: je, anaweza kupoteza usemi, nguvu za mkono anaoandikia, uwezo wa kuona upande mmoja?

Ikiwa mtaambiwa kwamba mgonjwa atakuwa macho wakati wa upasuaji, msiogope neno hilo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu; kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando unaoufunika ubongo, navyo hutiwa ganzi. Njia hii hutumika uvimbe unapokuwa karibu na sehemu ya usemi au ya mwendo. Mgonjwa hulala kwa ubavu huku mtaalamu akimwonyesha picha moja baada ya nyingine, naye anazitaja: kisu, paka, mwavuli. Daktari hugusa uso wa ubongo kwa umeme mdogo, na ghafla mgonjwa anauona mwavuli, anaujua, lakini jina halitoki. Umeme unapoondolewa neno linarudi, na mahali hapo huwekwa alama ili pasikatwe. Maandalizi ya nyumbani ni mepesi: semeni mapema ni lugha gani au ngapi mgonjwa anazozitumia, na fanyeni naye mazoezi ya kutaja picha alizopewa.

Kwa baadhi ya saratani za ubongo, mgonjwa hunyweshwa saa chache kabla ya upasuaji dawa iitwayo 5-ALA, ambayo huifanya saratani ing'ae rangi ya waridi chini ya mwanga wa buluu, na jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba kwa msaada wake madaktari waliweza kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa wagonjwa wengi zaidi. Ngozi ya mgonjwa huwa nyepesi kuungua baada ya hapo, hivyo akingwe dhidi ya jua na taa kali kwa muda atakaoelekezwa.

Siku ya upasuaji na usiku unaofuata

Fuateni masharti ya kufunga kula bila huruma ya kificho. Kwa kawaida chakula huachwa angalau muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi na maji matupu muda wa saa 2. Mgonjwa ataulizwa jina lake na upande unaopasuliwa mara tatu au nne na watu tofauti. Ajibu kila mara kwa utulivu, kwa kuwa marudio hayo ni sehemu ya orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, na kichwa kina pande mbili.

Usiku wa kwanza ndio unaowachanganya ndugu. Nilipokuwa nikimuuguza mzazi wangu nilimkasirikia muuguzi aliyekuwa akimwamsha kila saa na kumuuliza tuko wapi na ni mwezi gani. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akipima fahamu kwa kipimo kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974: kufumbua macho hupewa alama hadi 4, kuongea hadi 5, kusogeza viungo hadi 6, jumla kuanzia 3 hadi 15. Alama zikishuka, huenda damu inakusanyika ndani ya fuvu, na dalili hiyo huweza kutangulia nyingine zote. Hapa familia ina msaada ambao mashine haina. Mwambieni muuguzi mgonjwa anaitikia jina gani, kama anasikia vizuri, kama jicho lake moja liliwahi kufanyiwa upasuaji hata mboni haibadiliki kwa mwanga, na kama lugha anayoulizwa anaielewa. Mzee anayeulizwa kwa lugha ngeni hupoteza alama akiwa mzima wa akili.

Msimpe maji wala uji kabla ya muuguzi kupima kama anameza vizuri, kwa sababu kinachopita njia ya hewa huleta nimonia. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kwa ratiba, kwa kawaida kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya mgandamizo.

Mkialikwa kushiriki utafiti, sikilizeni kabla ya kukataa. Kwa miaka mingi steroidi zilitolewa kwa walioumia kichwa kwa kuaminiwa tu kwamba husaidia, hadi jaribio la CRASH lenye wagonjwa zaidi ya 10,000 lilipoonyesha mwaka 2004 kwamba waliopewa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopewa, na tiba hiyo ikaachwa. Ulizeni nani ameidhinisha utafiti, matibabu ya kawaida ni yapi, na hakikisheni kwamba mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma.

Mkirudi nyumbani, bandikeni ukutani dalili za kurudi hospitali bila kusubiri: kichwa kinachozidi kuuma pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, homa na shingo kukakamaa, kidonda kinachotoa usaha au maji meupe kama ya kisimani, udhaifu mpya, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Aliyewekewa mrija wa kupunguza maji ya ubongo hubaki na orodha hiyo maisha yote. Aliyeunganishwa pingili za mgongo aache sigara kabisa, kwa maana moshi wake huzuia mifupa kushikana. Uchovu mkubwa na hasira za haraka huweza kudumu miezi kadhaa hata kwa aliyepasuliwa salama. Andikeni hayo pia katika daftari, pamoja na siku alizofanya mazoezi ya viungo na umbali aliotembea, na mlifungue mbele ya daktari siku ya kliniki ya kwanza.