Jinsi ya kuonyesha uthibitisho wa fedha unapohamia Kanada

Anayehamia Kanada kupitia Express Entry, mfumo wa nchi hiyo wa kupokea maombi ya ukaaji wa kudumu ya wafanyakazi wenye ujuzi, huulizwa habari za fedha mara mbili: anapotuma maombi, na tena anaposhuka kwenye ndege akasimama mbele ya ofisa. Katikati hupita miezi, na miezi hiyo ndiyo inayowaponza watu. Fedha zilizokuwepo siku ya maombi huishia kwenye nauli, karo na madeni, na mtu akifika hana cha kuonyesha. Tangu siku ya kwanza zihesabu fedha hizi kuwa amana isiyoguswa. Nauli na ada za maombi zitafutie fungu lake.

Anza kwa kujua kama sharti lenyewe linakuhusu. Wanaoomba kupitia mpango wa Federal Skilled Worker (wa wafanyakazi wenye ujuzi) au Federal Skilled Trades (wa mafundi) lazima waonyeshe fedha. Wa Canadian Experience Class, mpango wa wale ambao tayari wamefanya kazi Kanada, hawadaiwi, wala mtu ambaye tayari ana kibali cha kufanya kazi Kanada pamoja na ofa halali ya ajira. Ila hata ukiwa umesamehewa, mfumo unaweza kukutaka upakie hati mahali pa uthibitisho wa fedha. Usipaache patupu, pakia barua fupi inayoeleza kwa nini hudaiwi.

Kisha hesabu familia, na hapa ndipo wengi hukosea. Unajihesabu wewe, mwenzi wako na watoto wote wanaokutegemea, hata wale ambao hawasafiri nawe. Mtoto anayebaki kwa bibi yake anahesabiwa. Mume au mke atakayefuata baadaye anahesabiwa. Kwa viwango vilivyotangazwa Julai 2025, mtu mmoja anatakiwa kuwa na dola za Kanada 15,263, watu wawili 19,001, watatu 23,360 na wanne 28,362. Kwa hiyo mume na mke wanaosafiri wawili na kumwacha mtoto mmoja nyumbani wanatakiwa kuonyesha 23,360, wala si 19,001. Viwango hivi hurekebishwa kila mwaka, hivyo viangalie upya kwenye tovuti ya IRCC, idara inayoshughulikia uhamiaji, kabla ya kutuma chochote. Nakushauri uzidishe kidogo juu ya kiwango, kwa sababu fedha zako zikiwa katika sarafu nyingine, thamani yake ikishuka wiki mbili tu unajikuta umepungukiwa.

Fedha zinazokubalika ni zile zilizo zako na unazoweza kuzichukua kihalali ukazitumie Kanada. Thamani ya nyumba au kiwanja haikubaliki, hata kama hatimiliki iko mkononi. Fedha za kukopa nazo hazikubaliki. Kama unasafiri na mwenzi wako, akaunti yenu ya pamoja inahesabiwa. Iliyo kwa jina lake peke yake inaweza kuhesabiwa, mradi uthibitishe kwamba una ruhusa ya kuzitumia.

Sasa barua ya benki, ambayo ndiyo kiini cha shughuli yote. Ukienda kaunta ukaomba barua tu, mara nyingi utapewa ya sentensi mbili: fulani ni mteja wetu, na salio lake ni kiasi fulani. Hiyo haitoshi. Barua inatakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, ikiwa na anwani, simu na baruapepe ya benki, pamoja na jina lako. Iorodheshe kila akaunti uliyonayo, ya kawaida na ya uwekezaji, na kwa kila moja itaje namba yake, tarehe ilipofunguliwa, salio la sasa na wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita. Itaje pia madeni yako, yakiwemo ya kadi na mikopo. Yaandike mahitaji haya yote kwenye karatasi, umpe mhudumu, na uisome barua mstari kwa mstari kabla hujatoka benki. Ukiwa na akaunti katika benki mbili, unahitaji barua mbili. Kama haikuandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, iambatanishe na tafsiri iliyothibitishwa. Jambo hili lishughulikie mapema, maana ukishapata mwaliko wa kuomba una siku 60 tu za kukamilisha kila kitu.

Ule wastani wa miezi sita una maana kubwa. Akaunti iliyokaa karibu tupu kisha ikaingiziwa fedha nyingi kwa mkupuo inamfanya ofisa ajiulize kama ni za kuazima. Kama umeuza gari, ambatanisha mkataba wa mauzo. Kama mzazi amekuzawadia, aandike barua na kuisaini, aeleze kuwa ni zawadi na hazirudishwi, kisha onyesha zilivyotoka kwake hadi kwako. Tafadhali, usikubali mtu akuwekee fedha kwa siku chache ili upate barua. Kutoa maelezo ya uongo kunaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka mitano.

Maombi yakikubaliwa, kabla ya kusafiri omba barua mpya ya benki. Iweke kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti na hati ya kuthibitisha ukaaji wa kudumu, ile inayoitwa COPR. Mzigo mkubwa unaweza kuchelewa, na ofisa hawezi kusoma karatasi zilizobaki uwanja mwingine. Wapo wanaopita bila kuulizwa fedha kabisa, lakini wewe jiandae kuulizwa.

Kuhusu namna ya kuzifikisha, si lazima ubebe noti. Baadhi ya benki za Kanada humruhusu mhamiaji kufungua akaunti na kutuma fedha kabla hajafika, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Ukibeba fedha zenye thamani ya dola za Kanada 10,000 au zaidi, kwa sarafu yoyote, lazima uzitamke kwa maofisa wa forodha wa CBSA. Hundi za benki, hisa na hatifungani unazobeba zinaingia kwenye hesabu hiyo. Kutamka hakukutozi kodi, na hakuna kikomo cha kiasi unachoruhusiwa kuingiza. Kinacholeta matatizo ni kuficha: fedha zinaweza kukamatwa na ukapigwa faini. Fomu ya tamko ni E677. Ijaze, kisha omba ubaki na nakala, kwa kuwa benki utakayokwenda kuziweka inaweza kukuuliza zimetoka wapi.