Bakteria wa saileji hawaponyi pumba zilizoota ukungu

Kiangazi cha Desemba kikianza kukaza, wafugaji wa Kiryandongo na Masindi, Uganda, hufungua mashimo ya saileji, yaani majani ya malisho yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa, na malalamiko ni yaleyale: siku ya kwanza inanukia vizuri, siku ya nne ukiingiza mkono unakuta joto, na kandokando ya turubai kumeota ukungu. Hewa imeingia. Hamira zinaila asidi iliyokuwa ikilinda malisho, na asidi ikipungua kuvu hupata nafasi.

Hapo bakteria wanaonyunyiziwa majani wakati wa kujaza shimo husaidia, ila kazi zao hazifanani. Lactobacillus plantarum huchachua haraka: hugeuza sukari ya majani kuwa asidi ya laktiki, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ikashuka karibu na 4. Lakini shimo likishafunguliwa, asidi hiyo haizuii kuvu vizuri. Lactobacillus buchneri huenda polepole, akigeuza sehemu ya asidi hiyo kuwa asidi ya asetiki, ileile ya siki, ambayo ndiyo inayowakomesha kuvu na hamira. Kwa hiyo usifungue kabla ya siku 45. 60 ni bora. Soma pakiti ya unga wa bakteria dukani ujue ni yupi. Muuzaji akikwambia yote ni sawa, nenda duka la pili.

Unga huo koroga kwa maji ya mvua au ya kisima safi, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huua bakteria. Kabla ya kunyunyizia, kamua majani yaliyokatwakatwa kwenye ngumi kwa nusu dakika, kisha fungua kiganja. Maji yakichuruzika, yaache yanyauke kwanza. Donge likiachia taratibu na kiganja kikabaki na unyevu tu, endelea. Likisambaratika papo hapo, yamekauka mno na hayatashindilika.

Na kushindilia ndiko kwenye jasho! Mtu ananunua bakteria wa bei, halafu anamwachia mtoto mmoja kukanyaga shimo zima. Hewa ikibaki ndani, fedha imepotea. Ukifungua, kata uso wote kila siku, usichimbe kitundu katikati.

Pumba na mahindi makavu ni habari nyingine: usivinyunyizie unga wa saileji. Vikaushe, unyevu usizidi asilimia 13. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, subiri dakika 15; chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, rudisha mahindi juani; isipoganda, hiyo bado si hakikisho kwamba umefika 13. Pumba zilizokwisha kuota ukungu usizioshe wala kuzichanganya na nzuri. Aflatoksini, sumu ya ukungu, haitoki hata kwa kupika, na ng'ombe akiila huja kwenye maziwa. Zifukie mbali, kuku wasizifikie.