Kutoka kamati ya mtaa hadi umeya: njia ya kufuata Dar es Salaam

Umeya hauombwi kwa wananchi. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake kwa kura ya siri, kwa hiyo anayeutaka hana budi kwanza awe diwani, na udiwani humwendea zaidi mtu ambaye mitaa ya kata yake ilimfahamu kabla hajachukua fomu. Jua pia uko halmashauri gani. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa hadhi, Jiji la Dar es Salaam kiutawala ni eneo la Ilala, ilhali Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zenye mameya wao. Meya wa kwanza wa jiji hilo jipya, Omary Kumbilamoto, alikuwa diwani wa Vingunguti, kata inayojulikana kwa machinjio na wala si kwa maghorofa.

Anza na kero moja inayoweza kumalizika. Tuseme mfereji wa mtaa umejaa chupa na matope, na kila masika maji yanaingia barazani kwa mama muuza maandazi. Kuwakusanya vijana wauzibue Jumamosi ni jambo jema, lakini usiishie hapo, kwa sababu mvua inayofuata itauziba tena. Tafuta mwenye dhamana: mifereji ya barabara za mitaa ni ya TARURA, ya barabara kuu ni ya TANROADS, majisafi na majitaka ni ya DAWASA, na uzoaji taka ni wa halmashauri. Andika barua, uipitishe kwa mtendaji wa mtaa, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Katika mkutano wa mtaa, anayesema "wahusika walishughulikie" hupigiwa makofi, lakini anayesimama na nakala hiyo mkononi, akataja tarehe ilipopokelewa na ofisi ilipokwama, ndiye atakayefuatwa nyumbani jioni na watu wenye shida nyingine. Barua hizo zihifadhi katika faili, kwa kuwa siku ya kuomba kura zitakusemea vizuri kuliko fulana.

Kazi nyingine inayojenga jina ni kutunza fedha za wenzako. Kubali kuwa mweka hazina wa kamati ya msiba, kisha usome hesabu ya rambirambi mbele ya wafiwa, pamoja na gharama ya turubai na viti, hata kama hakuna aliyekuuliza. Vilevile, visaidie vikundi kuandaa katiba na kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ubwabwa na bahasha za wakati wa kampeni uachane nazo. Mahakama Kuu ilikwisha kubatilisha mwaka 2006 vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na kwa maoni yangu aliyenunuliwa leo atanunuliwa na mwingine kesho.

Hatua ya kwanza ya kura ni ujumbe au uenyekiti wa serikali ya mtaa. Uchaguzi huo husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na hutangulia uchaguzi mkuu kwa takriban mwaka mmoja. Wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mgombea awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa mtaa husika na adhaminiwe na chama, kwani mgombea binafsi haruhusiwi. Wapiga kura huandikishwa upya katika orodha ya mtaa, hivyo wakumbushe wafuasi wako kwamba kadi ya mpiga kura pekee haitoshi. Fomu ijaze taratibu na mtu mwingine aikague: mwaka 2019 na 2024 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa, baadhi yao kwa madai ya kasoro za ujazaji.

Ndani ya chama, lipa ada na uhudhurie vikao vya tawi hata pasipo na uchaguzi. Ukiomba udiwani, usisherehekee mapema kuongoza kura za maoni za wanachama, maana vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyoteua.

Ukishapata udiwani utaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Wape taarifa ya kila kilichoamuliwa katika baraza la madiwani. Umeya uutafute kwa madiwani wenzako, wakiwemo wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao ni kubwa na kura zao ni sawa na za wengine. Soma makabrasha ya bajeti kabla ya kikao cha kamati na uulize kuhusu kifungu mahususi, kwa kuwa madiwani hutambua upesi nani amefungua kabrasha na nani amelibeba tu.