Mtoto hakai, hashiki: namna ya kuifikia tiba kwa vitendo ukiwa Tabora

Usisubiri jina la ugonjwa. Mzazi wa Urambo au Sikonge anayeambiwa "atachangamka tu, hata baba yake alichelewa" anapoteza mwaka mzima, na mwaka huo haurudi, maana ubongo wa mtoto mdogo hujijenga kwa kasi kubwa kuliko utakavyojijenga akiwa na miaka sita. Tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtoto kuzimudu shughuli zake za kila siku, haidai daktari awe ameshaandika mtindio wa ubongo au usonji. Inatosha kuwe na shughuli ya kila siku ambayo watoto wa rika lake wanaifanya na yeye haifanyi.

Tofauti yake na fiziotherapia ni muhimu, kwa sababu huku kwetu yote huitwa "mazoezi". Mfiziotherapia hushughulika zaidi na misuli, viungo na mwendo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na shughuli yenyewe: kunyonya, kula, kushika, kucheza, kuvaa, kutulia anapoguswa au anaposikia kelele. Wote wawili wako kwenye huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mtu kupata au kurudisha uwezo wa mwili wake. Ukifika hospitali, ulizia utengamao, usiulizie mazoezi peke yake.

Mambo yanayotakiwa kukuamsha

Miezi 4, shingo bado inalegea au ngumi zimekunjwa muda wote. Miezi 9, hakai bila kushikwa. Miezi 12, hawezi kuokota punje kwa kidole gumba na cha shahada. Miezi 18, hajatembea. Umri wowote: amepoteza alichokuwa anakiweza, anakaza mwili kama ubao ukimbeba, anapaliwa karibu kila mlo, haitazami sura yako. Dalili moja hupita bila kutambuliwa mara nyingi: mtoto wa chini ya mwaka anayetumia mkono mmoja tu. Watu husema ni wa shoto. Katika umri huo bado ni mapema mno kuwa na mkono anaoupendelea, na mara nyingi maana yake ni kwamba ule mwingine una shida.

Kwa mtoto njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 na leo ana miezi 6 hupimwa kama wa miezi 4. Endelea na hesabu hiyo mpaka afikishe miaka 2.

Kupata rufaa

Mlango wa kwanza ni kliniki ya mtoto, pale pale anapopimwa uzito. Tatizo la kliniki ni foleni: nesi ana akina mama arobaini, na kadi yenye chanjo zote na uzito mzuri humfanya aone kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo usiseme "mtoto wangu ni mnyonge". Sema hivi: "Ana miezi kumi, hakai, na mkono wa kushoto haufungui." Kisha omba amwone tabibu siku hiyo hiyo.

Kabla hujaondoka nyumbani andaa video tatu fupi kwenye simu, kila moja chini ya dakika moja: akilishwa, akiwa chali kisha kifudifudi, na akicheza na kitu. Mtoto aliyetoka Ulyankulu alfajiri hufika amechoka, analia au amelala, na mtaalamu haoni chochote. Video ndiyo itakayomwonyesha mtoto wa siku zote.

Kutoka zahanati au kituo cha afya, rufaa huenda hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Walio Igunga na Nzega wana Hospitali ya Nkinga karibu zaidi. Juu ya hapo ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Hakikisha barua ya rufaa imeandikwa "tathmini ya utengamao, ikiwemo tiba kwa vitendo". Ikiandikwa "kwa matibabu zaidi", utazungushwa wodini na kurudi nyumbani na dawa ya vitamini.

Watoa tiba kwa vitendo nchini ni wachache, na kwa miaka mingi wamefundishwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Ndiyo maana ulizia kwanza, kwa simu au kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kama yupo, yuko zamu siku gani, na watoto huonwa siku ipi. Ukikuta yupo mfiziotherapia tu, usirudi nyumbani. Anza naye, mwombe aangalie pia mikono na ulaji, na umwombe rufaa ya pili huku mtoto akiendelea kuhudumiwa.

Kuhusu fedha: kwa sera ya afya, mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukidaiwa, nenda dirisha la ustawi wa jamii kabla ya kulipa. Kinachowashinda wengi ni nauli, kwa hiyo omba tarehe yako ya utengamao iwekwe pamoja na ya kliniki nyingine kama anayo.

Siku ya kwanza

Beba kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia, kikombe na kijiko chake mwenyewe, chakula kidogo, kanga mbili na kitu anachokipenda hata kama ni mfuniko wa sufuria. Mtaalamu mzuri ataanza kwa kumtazama akicheza na kukuuliza siku yenu inavyokwenda. Ukiona mtoto kanyooshwa miguu dakika tano na umepewa tarehe, uliza maswali matatu kabla ya kusimama: Wiki sita zijazo tunataka aweze nini? Nyumbani nifanye nini na mara ngapi? Nikiona nini niache? Kisha fanya wewe mbele yake akusahihishe. Ulichokiona kwa macho tu husahaulika kabla basi halijafika stendi.

Nyumbani, ambako kazi yenyewe iko

Mara mbili kwa mwezi hospitalini haimfikishi mtoto popote kama siku zilizobaki analala chali mkekani. Vunja mazoezi yaingie kwenye kuoga, kuvaa na kula. Dakika kumi mara nne kwa siku zina faida kuliko saa moja ya kilio.

Kulisha ndiko kunakoleta hatari kubwa. Mtoto akilazwa mapajani kichwa kikiwa nyuma, uji humwingia kwenye njia ya hewa, na matokeo yake ni vichomi vya mara kwa mara. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifuani kidogo. Kijiko kije kwa mbele, usawa wa mdomo, si kutoka juu. Subiri ameze ndipo umpe kingine. Uji uwe mzito wa wastani, kwa kuwa mwepesi hukimbilia kooni kabla hajajiandaa. Mlo ukizidi nusu saa amechoka, simamisha. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Usimzibe pua wala kumnywesha kwa kiganja. Na kwa kuwa huku asali haikosi ndani ya nyumba: chini ya mwezi wa 12 hapewi hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake yote.

Kiti ni cha pili. Mwombe mtaalamu akupimie, kisha mpe fundi seremala vipimo. Kina cha sehemu ya kukalia: kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili. Urefu wa miguu ya kiti: kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, nyayo zikanyage chini. Upana: nyonga, ongeza sentimita 2 kila upande. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Mkanda upite nyongani, si tumboni. Makosa mawili ya mafundi ni kina kirefu, mtoto anateleza na kulala mgongo, na kiti kikubwa "akue nacho", ambacho hakimshiki popote. Mninga haufai, ni mzito na ghali. Mabaki ya mbao laini yanatosha. Kiti kipimwe upya kila baada ya miezi mitatu.

Usifanye, hata ukishauriwa na mkubwa

Usimchimbie shimo umsimamishe humo akaze miguu. Usimnyooshe kwa nguvu mguu uliokaza: mifupa ya mtoto asiyesimama ni dhaifu na huvunjika. Akilia kila unapomtanua miguu kumbadilisha nepi, au mguu mmoja ukionekana mfupi, nyonga ipigwe picha kabla ya zoezi lolote. Degedege ikianza, au dawa ya kifafa ikikaribia kuisha, hilo ndilo la kwanza kushughulikiwa, na dawa hiyo haikatizwi ghafla. Omba pia masikio na macho yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia huonekana mkaidi, na asiyeona vizuri hana sababu ya kunyoosha mkono kushika kitu.

Ukikosa tarehe ya kurudi kwa sababu ya mvua au nauli, usione aibu ukaacha moja kwa moja. Piga simu au mtume mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aombe tarehe nyingine, na uendelee na lile zoezi la mwisho ulilosahihishwa mpaka siku hiyo.