Ukiletewa dodoso la afya ughaibuni: maswali ya jinsia na mapenzi, kwa ndugu zetu wa Kigoma

Wiki mbili baada ya Pasaka niliingiziwa picha kwenye simu na shangazi yangu anayeishi Uingereza. Ilikuwa fomu ya zahanati, kidole gumba kimefunika kona moja, na kwenye swali la nane tiki imewekwa penye "Hapana". Swali lenyewe kwa Kiswahili ni hivi: je, jinsia unayojitambua nayo ni ileile iliyoandikishwa ulipozaliwa? Nikampigia kutoka hapa Gungu nimuulize alikusudia nini. Akanijibu bila kusita: "Mwanangu, mimi nilizaliwa Heru Juu, nyumbani, mkunga alikuwa jirani. Nani aliniandikisha? Nimesema hapana, na ni kweli hapana."

Kwa tiki ile moja, shangazi yangu, mjane na mama wa watoto sita, aliingia kwenye kumbukumbu za zahanati kama mtu aliyebadili jinsia.

Nilifanya ukalimani kwenye vituo vya afya huko Uingereza kwa miaka tisa kabla ya kurudi, na picha za namna hii hunijia kila mwezi. Nyingine hutoka kwa watu wa Ujiji na Mwanga, na nyingi zaidi kwa ndugu waliopita kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, wakahamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Ninayowajibu mmoja mmoja nimeona niyaweke mahali pamoja.

Kwanza, shangazi hayuko peke yake. England na Wales ziliweka maswali haya kwenye sensa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 2021: moja la unavutiwa kimapenzi na nani, jingine la jinsia unayojitambua nayo. Yaliulizwa kwa wenye miaka 16 na kuendelea, na ilikuwa ruhusa kutoyajibu. Watu wapatao 262,000 walisema jinsia yao si ile iliyoandikishwa. Wataalamu walipoichambua hesabu hiyo waliona jambo la kushangaza: waliosema hawajui Kiingereza vizuri walihesabiwa wengi katika kundi hilo kuliko ilivyotarajiwa, na maeneo ya London yenye wahamiaji wengi, kama Newham na Brent, yakawa juu kwenye orodha. Septemba 2024 takwimu hizo zikashushwa daraja na kutambuliwa kuwa bado ziko katika kutengenezwa. Nikisoma habari hiyo namwona shangazi na kalamu yake.

Hasara haikuishia kwake. Kuna watu ambao kweli wanaishi kwa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo, na hesabu yao ndiyo inayoharibika. Anayepanga huduma zao anaweza kuzipeleka mtaa ambao hawapo, akawaacha walipo.

Shida kubwa iko kwenye lugha. Kiingereza kina neno moja la maumbile na jingine la namna mtu anavyojitambua na kuishi. Wasomi wetu wamejaribu kuyatenga kwa kusema "jinsi" na "jinsia", ila sokoni Kibirizi yote mawili ni jinsia tu, na msomaji wa kawaida akikutana nayo kwenye fomu moja hudhani ameulizwa kitu kimoja mara mbili. Kwa hiyo mimi siyatafsiri neno kwa neno. Husema: "Ulipozaliwa walisema ni mtoto wa kike au wa kiume? Na wewe mwenyewe leo unajijua kuwa nani?" Majibu mawili yakilingana, mambo yamekwisha. Kanada waliuliza karibu hivyo kwenye sensa yao ya 2021: kwanza jinsi wakati wa kuzaliwa, kisha jinsia ya sasa. Naona ndiyo njia bora, kwa sababu haimuulizi mtu wa Buhigwe asiye na cheti cha kuzaliwa habari za kuandikishwa.

Swali la mapenzi nalo lina mitego. Neno la Kiingereza la mtu anayevutiwa na jinsia nyingine lina pia maana ya kunyooka, na nimeshuhudia mzee akilikwepa kwa kuwa alidhani anaulizwa kama ni mtu mnyoofu, asitake kujisifu. Kijana aliyekuwa akimsaidia mama mmoja alitafsiri chaguo la pili kuwa "shoga". Yule mama ni wa Ujiji, na kwake shoga ni rafiki yake wa kike, akafurahi akasema anao wengi. Neno hilohilo likimwangukia mwanamume ni tusi. Ukiwa unamsaidia mtu, tumia maneno yasiyochoma: anayevutiwa na jinsia nyingine, anayevutiwa na jinsia yake, anayevutiwa na zote. Kila mtu atakuelewa na hakuna atakayeinamisha kichwa.

Ila bora usiwe wewe wa kusaidia, kama ni ndugu. Mkwe hawezi kumuuliza mama mkwe wake mambo ya chumbani, na mtoto wa miaka kumi na miwili asitumwe kumtafsiria baba yake swali hili. Katika huduma za afya za umma Uingereza mkalimani hulipiwa na huduma yenyewe, wewe hutoi hata senti. Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikusaidie kwa lugha yako. Sema tu "Swahili", na wa kutoka Kongo aongeze kwamba ni Kiswahili cha Kongo, maana tofauti ipo.

Wengi huniuliza, wanataka kujua ya nini? Nawapa mfano mmoja. Mtu aliyezaliwa mwanamke, anaishi kama mwanamume, na kwenye rekodi za matibabu za England ameandikwa mwanamume. Kama bado ana mlango wa kizazi anaweza kupata saratani yake, lakini barua ya kuitwa kupimwa haitamfikia yenyewe, kwa sababu mfumo hutuma kwa walioandikwa wanawake. Ndivyo ilivyo pia kwa VVU na sonona: wasiohesabiwa hawatengewi fungu. Marekani uchunguzi mkuu wa afya wa taifa ulianza kuuliza mwelekeo wa kimapenzi mwaka 2013. Mwaka 2025 serikali kuu iliamuru maswali ya utambulisho wa kijinsia yaondolewe kwenye madodoso yake, kwa hiyo aliyeko huko asishangae akikuta fomu ya leo haifanani na ya zamani.

Sasa naongea na wewe ambaye jibu lako la kweli hujamwambia mtu wa nyumbani. Hulazimiki kujibu. Karibu kila fomu ina nafasi ya "sipendi kusema", na hiyo ni haki yako, usiione kuwa ni uongo. Kwenye ile sensa ya 2021, mwenye miaka 16 aliyeishi na wazazi aliweza kuomba fomu yake mwenyewe, akaijaza pembeni bila mwenye nyumba kujua. Ikija nyingine, uliza kama nafasi hiyo ipo. Usipige picha fomu uliyojaza, na fomu ya mwenzio usiirushe kwenye grupu la ukoo hata kwa nia ya kuomba tafsiri. Ficha majibu, tuma maswali peke yake. Ukija Kigoma likizo, kumbuka kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachokataza kujamiiana "kinyume cha maumbile": adhabu yake hufika kifungo cha maisha, na haipungui miaka 30. Simu yenye picha ile ikishikwa na mtu asiyekutakia mema, wewe ndiye utakayeumia.

Na akija mtu mlangoni hapa nyumbani na dodoso la namna hiyo, mtake kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na barua inayotambulika na mtendaji wa mtaa. Akikosa, mfungie mlango kwa heshima.

Ukishajibu vibaya, hujachelewa. Sheria ya taarifa binafsi ya Uingereza inakupa haki ya kutaka kosa lirekebishwe. Shangazi alirudi zahanati Jumatatu asubuhi na karatasi niliyomwandikia sentensi mbili za Kiingereza. Mpokezi alizisoma, akaandika kidogo, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Shangazi hasomi Kiingereza, lakini alinyoosha kidole penye mstari wenyewe na akangoja aambiwe, kwa mkalimani wa simu, kilichoandikwa pale.