Namna ya Kuwapatanisha Ndugu Kwenye Kazi za Nyumbani

Watoto wanaogombania kazi za nyumbani mara nyingi si wavivu. Wanagombana kwa sababu kazi haina mipaka. Ukisema "osheni vyombo", mmoja anaelewa sahani na vikombe, mwingine anahesabu na sufuria iliyoungua. Hapo ndipo "nimemaliza" na "hujamaliza" zinapoanza.

Kabla ya kugawa chochote, andika kila kazi inaishia wapi. Kuosha vyombo: vyote vimesuuzwa na kupangwa, sufuria zikiwemo, sinki halina makombo, meza imefutwa, kitambaa kimekamuliwa na kuanikwa. Kufagia: chini ya meza na nyuma ya mlango pamefikiwa, taka zimezolewa na kutupwa, ufagio umerudi mahali pake. Karatasi ibandikwe palepale kazi inapofanyika.

Halafu pima kwa saa. Kila mtoto afanye kila kazi mara moja, uandike dakika alizotumia. Kazi ya dakika 25 hailingani na ya dakika 5, hata kama kwa hesabu ya vidole kila mmoja amepata moja. Wakiwa wawili, mmoja agawe kazi zote mafungu mawili, mwenzake atangulie kuchagua. Mgawaji hatapendelea, maana anajua litakalobaki ni lake. Safari nyingine wabadilishane nafasi. Wakiwa 3 au zaidi, anzia kazi inayochukiwa kuliko zote: atakayeichukua apewe na ile nyepesi kuliko zote.

Zamu iwe ya wiki nzima. Zamu ya siku moja humpa mtu mwanya wa kuloweka sufuria "mpaka kesho", na kesho ni ya mwenzake. Makabidhiano yawe siku moja na saa ileile, kwa mfano Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Anayepokea akague huku karatasi iko mbele yao. Akishapokea, kilichosahaulika ni chake.

Ukaguzi wa kila siku ni wa mzazi. Ukimfanya mtoto mkubwa kuwa msimamizi, ataanza kuamuru kuliko kufanya, na wadogo watamkaidi yeye, si kazi. Wala usirudie kimyakimya kazi iliyofanywa nusunusu. Mwite mwenyewe, mwonyeshe mstari aliouruka, aumalizie.

Kazi ya pamoja kwenye sinki ina utaratibu wake. Waanze na glasi, kisha vijiko na sahani, vyombo vya mafuta viwe mwisho, la sivyo kila kitu kitatoka kinateleza. Mwepesi kuliko wote asiwekwe kuosha: atamlundikia anayesuuza, na fujo itaanzia hapo. Afute na kupanga, mradi anajua kila chombo kinakaa wapi. Visu visizamishwe kwenye povu. Vioshwe kimoja kimoja na mkubwa.

Umri nao una nafasi yake. Wa miaka 4 anaweza kuokota vitu vyake na kutafuta soksi zinazofanana. Wa 7 anafagia na kupanga meza. Maji ya moto na dawa kali za kusafishia choo si za wadogo, hata wakiomba kujaribu.

Kosa linaloharibu mpango wote ni kumwongezea aliyemaliza mapema kazi ya aliyechelewa. Wiki mbili hazipiti, naye atajifunza kujivuta. Kazi iliyoachwa imsubiri mwenyewe, na michezo yake isubiri pia.

Kubadilishana siku ndani ya zamu kunaruhusiwa, ila waandike kwenye karatasi kabla ya siku hiyo kuanza: nani anamfanyia nani, na deni litalipwa lini. Deni lisivuke wiki hiyo. Makubaliano ya mdomo tu hayahesabiwi, kwa sababu kila mmoja atayakumbuka kwa namna inayompendeza.